Likizo ya Juni: mtoto kaniuliza kwa nini maharage Kyela yanaiva haraka kuliko Mbeya. Nimekwama, na nataka kazi nyingine za kujifunza nyumbani

#1 Mama wa Isanga
Habari zenu wakuu. Shule zimefungwa, nina wawili nyumbani, wa darasa la pili na wa darasa la tano. Twisheni mwaka huu nimekataa. Mwaka jana niliwapeleka mahali, wakawa wananakili ubaoni kuanzia saa mbili hadi saa nane, wakarudi shule wamechoka kuliko walivyotoka. Baridi ya Juni mnaijua, asubuhi hawatoki nje hadi saa nne, na bila kazi ya mikono wanashinda kwenye simu yangu.

Nikaamua wasaidie jikoni. Jumapili tumebandika maharage, yule mkubwa kakaa na saa ya ukutani. Baada ya saa moja na nusu kaniuliza: "Mama, kwa shangazi Kyela tukirudi kutoka ziwani yanakuwa yameiva, huku kwetu kwa nini hayaivi?" Nikamwambia ni baridi. Akaniuliza kama baridi inaingia ndani ya sufuria. Sikuwa na jibu, na sikutaka kumdanganya.

Naomba mambo mawili. Jibu la maharage, na kazi rahisi za nyumbani za kuwafundisha kitu bila kununua vifaa.

#2 KyelaKwetu
Jibu jepesi: Kyela tunatumia kuni kavu, ninyi Mbeya mkaa wa kupima kwa kopo. Moto hautoshi.

#3 MkulimaUyole
#2 hapana ndugu. Mimi napikia kuni hapahapa Uyole na maharage yananisumbua vilevile. Ni mbegu. Kuna ya njano laini yanaiva mapema, na kuna mekundu makubwa yanayotaka subira. Halafu umri wake. Maharage ya msimu huu na yale yaliyolala ghalani mwaka mzima hayafanani hata kidogo. Dada, ulinunua wapi na lini?

#4 Mama wa Isanga
Mwanjelwa, wiki iliyopita. Ya njano, muuzaji kaniambia ni mapya. Na ya shangazi Kyela nilimpelekea mimi mwenyewe, kutoka gunia lilelile.

#5 Mwalimu Mstaafu
Gunia lilelile! Basi mwanao kafanya jaribio zuri bila kujua.

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kyela iko chini karibu na Ziwa Nyasa, kama mita 500 tu. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, inakandamiza maji kidogo. Maji yasiyokandamizwa sana yanachemka mapema, kabla ya kufika nyuzi 100. Kila ukipanda mita 300 unapoteza karibu nyuzi moja. Kwa hiyo Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, Kyela kwenye 98, na Dar es Salaam karibu na 100.

Yakishaanza kuchemka, joto lake haliongezeki tena. Uchochee kuni usichochee, yatabaki 94, moto wa ziada unakwenda kuyageuza mvuke tu. Kwa hiyo #2, kuni zako kavu zingekuja Mbeya zingekausha sufuria mapema, ila maharage yangebaki magumu. Mwambie mtoto hivi: maji ya Mbeya yanawahi kuchemka, lakini yanachemka yakiwa hayajapata moto wa Kyela.

#6 Kijana wa Sae
Shikamoo mwalimu. Mimi kitabu cha shule kiliandika maji yanachemka nyuzi 100, nikajibu hivyo kwenye mtihani nikapata alama. Sasa 94 imetoka wapi?

#7 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Kitabu kilikuwa sahihi, ila sentensi nzima ni "nyuzi 100 usawa wa bahari". Wengi tunaifundisha nusu. Nami niliifundisha nusu kwa miaka.

#8 MaabaraMjini
Nathibitisha. Ninashughulika na maabara ya sekondari hapa mjini. Tukichemsha maji safi na kipimajoto cha maabara, tunapata kati ya 94 na 95. Kila mwaka kuna mwanafunzi anadhani kipimajoto kibovu.

#9 Baba Pacha
Nimefurahi sana na #5, leo hii naenda kupima na wanangu. Nina kile kipimajoto cha homa nyumbani.

#10 MaabaraMjini
#9 USIFANYE HIVYO MKUU. Kile cha homa kinaishia nyuzi 42. Ukikitia kwenye maji ya kuchemka kitapasuka, na kama ni cha zamani ndani kina zebaki, ambayo ni sumu. Unahitaji cha maabara kinachofika 110. Kama huna, acha, tumia saa na macho tu.

#11 Baba Pacha
Asante sana, kilikuwa mkononi tayari.

#12 FundiBomba
Mwalimu namheshimu lakini kasahau maji yenyewe. Maji yenye chokaa nyingi yanakaza ganda la maharage. Wapo wanawake wengi wanatia magadi kidogo ndiyo yanalainika, kwa sababu hiyohiyo. Sasa mabomba ya Mbeya na visima vya Kyela ni maji mawili tofauti. Kabla hamjasema hewa, pimeni maji.

Na kupima ni kazi nzuri ya watoto, isiyotaka senti. Chukueni chupa mbili zinazolingana, maji ya bomba kwenye moja, ya kisima kwenye nyingine. Kwaruzeni sabuni ya mche ya ukubwa wa punje ya mhindi, mtie sawasawa, mtikise mara ishirini. Yenye povu jingi ni laini. Yenye povu dogo na utando mweupe unaoelea ni ngumu.

#13 MpishiWaShule
Napikia watoto zaidi ya mia tatu, acheni nami niseme. Chumvi na nyanya zikiingia mapema, maharage hayaivi. Hiyo ndiyo sababu namba moja. Mimi chumvi naweka mwishoni, nyanya mwishoni kabisa. Na nayaloweka usiku kucha. Dada #1, uliloweka?

#14 Mama wa Isanga
Sikuloweka. Na chumvi niliweka mwanzoni. Shangazi huwa analoweka, nimempigia simu sasa hivi.

#15 MpishiWaShule
Basi mwalimu apumzike.

#16 Mwalimu Mstaafu
Sipumziki bado. Nyanya nakubali, tindikali inakaza maharage. Chumvi athari yake ni ndogo kuliko inavyosemwa. Kuloweka nakubali kabisa. Ila vyote hivyo havifuti tofauti ya nyuzi nne, vinaongezeka juu yake tu. Ndiyo maana kuna kitu kinaitwa jaribio la haki: unabadilisha jambo moja, mengine yote unayaacha sawa.

Mama, mpe mkubwa kazi hii na mdogo amsaidie. Ahesabu maharage 100 mara mbili, aondoe yaliyotobolewa. Hiyo ni kazi ya darasa la pili. Mia moja yaende kwa shangazi pamoja na maji ya bomba lenu kwenye dumu, ili FundiBomba asiwe na neno. Yalowekwe kwa muda wa saa kumi na mbili pande zote mbili, bila chumvi wala magadi, kifuniko juu. Maji yakianza kuchemka waanze kuhesabu muda. Kila baada ya dakika kumi watoe matano, wayaminye kwa vidole, waandike mangapi yamepondeka. Yakipondeka yote matano, yameiva.

#17 Mama wa Isanga
Kasoma mwenyewe, kachukua daftari. Nimempoteza.

#18 Kamwene_Iringa
Kamwene wote. Nasi Iringa tuko juu, kama mita 1,600 hivi, kwa hiyo maharage yenu ndiyo yetu.

Naleta mchango wa swali la pili. Mdako. Watoto wa siku hizi hawaujui kabisa. Chimba kishimo, jaza kokoto kumi, rusha kijiwe juu, kabla hakijatua uchote kokoto nje, ukidake, urushe tena urudishe zote ubakize moja. Raundi inayofuata unabakiza mbili. Binti yangu wa darasa la kwanza kajulia kutoa hapo. Anakwambia "ziko kumi, nimebakiza tatu, narudisha saba" mkono uko hewani. Vidole navyo vinachangamka, mwandiko wake umenyooka mwezi huu.

#19 Bibi wa Makete
Wajukuu zangu huku wiki hii wanaweka sahani ya maji nje jioni. Asubuhi kuna barafu juu nyembamba kama kioo. Wanaweka sahani tatu: moja chini ya mti, moja penye wazi, moja ukutani mwa jiko. Ya penye wazi ndiyo inaganda, ya chini ya mti haigandi. Nikawauliza kwa nini. Mmoja kasema mti una joto kama ng'ombe. Bado tunabishana.

#20 MkulimaUyole
Shikamoo bibi. Ndivyo jalidi inavyochagua viazi vyetu pia. Bonde linaungua, mteremkoni vinapona. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka bondeni kama maji.

#21 MaabaraMjini
#20 bonde nakubali, ila la mti ni jambo jingine. Usiku usio na mawingu ardhi inapoteza joto lake kwenda angani. Mti unafunika, unafanya kazi ya blanketi. Ndiyo maana usiku wa mawingu jalidi haipigi.

#22 Bibi wa Makete
Marahaba wajukuu. Kwa hiyo blanketi na ng'ombe hawako mbali sana.

#23 DerevaWaTukuyu
Nimesoma kimya tangu juzi. Kuna kitu nakiona kila siku barabarani na watoto watakipenda kuliko maharage, maana hakisubiri saa mbili.

Chupa tupu ya maji ya kunywa, ile ya plastiki ya lita moja na nusu. Ifunge vizuri ukiwa Mbeya mjini, isiwe na kitu ndani. Panda nayo gari la Kyela. Mkipandisha milima ya Uporoto kuelekea Isyonje itakaza, ukiigonga inalia kama ngoma. Mkishaanza kushuka Kiwira, Tukuyu, inalegea. Mkifika Kyela imebonyea ubavuni kama imekaliwa na mtu. Hakuna aliyeigusa.

#24 Kijana wa Sae
Hiyo ni baridi na joto tu. Kitu kikipata baridi kinasinyaa.

#25 DerevaWaTukuyu
Mkuu, Kyela ni joto kuliko Mbeya. Kwa hesabu yako ingevimba. Mimi naiona inabonyea.

#26 Kijana wa Sae
Dah. Kweli. Narudisha neno.

#27 Mwalimu Mstaafu
Dereva umenifurahisha kuliko wote. Ni hewa ileile ya #5. Hewa uliyoifungia Mbeya ni nyepesi. Ukishuka, hewa ya nje inakuwa nzito na inaiminya chupa. Joto la Kyela linaitetea kidogo, lakini linashindwa.

Na inapimika. Wakifika, waizamishe chupa mdomo chini kwenye ndoo, wafungue kizibo humohumo majini bila kuitoa. Chupa itajinyoosha na kunyonya maji. Wafunge, waitoe, wamimine maji yaliyoingia kwenye kikombe. Hicho ndicho kipimo cha hewa iliyominywa.

#28 Msafiri wa Dar
Kumbe! Ndiyo maana zile pakiti za bisi na krispi tunazotoka nazo Dar zikifika Makambako zimevimba kama mpira. Siku zote nilidhani zimeharibika, nikazitupa mara mbili.

#29 KyelaKwetu
Pole. Ungetupa sisi.

#30 Mama wa Kabwe
Niingie kidogo kwenye hesabu. Sisi tunauza nafaka, nimewapa watoto sado na debe. Sado ni kopo la rangi la lita nne, debe ni lita ishirini, kwa hiyo sado tano debe moja. Wakapima kwa maji, tano sawasawa. Wakapima mahindi kwa sado yenye nundu, kama tunavyowapimia wateja, debe likajaa kwenye sado ya nne na kidogo. Mwanangu kaniuliza, "Kwa hiyo nundu ni ya nani, yako au ya mteja?" Tulikaa nayo jioni nzima hiyo. Akachora mstari kwenye daftari, bei ya sado upande huu, bei ya debe upande huu, na akanionyesha kuwa anayenunua sado sado analipa zaidi kuliko anayebeba debe zima. Nilikuwa najua kwa mazoea, sikuwahi kuliona limeandikwa na mtoto wa darasa la nne.

#31 Baba Pacha
Wazo: wapelekeni watoto wakaone kimondo cha Mbozi hapa mkoani kwetu Mbeya. Tani nyingi za chuma kutoka angani.

#32 Mnyiha wa Vwawa
Mkoani kwetu SONGWE mkuu. Tangu 2016. Kiko Ndolezi, wilaya ya Mbozi. Kina urefu wa mita tatu hivi, na uzito unaotajwa sana ni tani 12, ingawa wengine wanasema 16. Chuma karibu asilimia 90, kinachobaki sehemu kubwa ni nikeli. Karibuni, ila msituhamishie Mbeya tena.

#33 Baba Pacha
Samahani sana majirani. Nilisoma shule kikiwa Mbeya, kikabaki kichwani.

Kwa asiyeweza kusafiri: tafuteni sumaku kwenye spika mbovu ya redio, muifunge kwenye mfuko wa plastiki, muiburuze kwenye mchanga wa mtaroni baada ya mvua. Inarudi na ndevu nyeusi. Pacha wangu wamejaza kizibo kizima. Nimewaambia ni vumbi la vimondo.

#34 MaabaraMjini
Mfuko ni akili nzuri, ukiugeuza chuma kinadondoka chenyewe. Ila vumbi la vimondo hapana, au ni chembe chache mno. Mchanga wa huku umetokana na mawe ya volkeno. Rungwe na Ngosi ni volkeno, na mawe yake yana madini meusi yanayovutwa na sumaku. Waambie wameshika mlima.

#35 Mama wa Isanga
Wakuu, mrejesho. Jumamosi tumekwenda Kyela.

Chupa kwanza. Mdogo kaishika mapajani njia nzima. Isyonje ikakaza kweli, akawa anaipiga, abiria wakageuka. Baada ya Tukuyu akapiga kelele "imebonyea!" na konda akasogea kuangalia. Kyela tumeizamisha kwenye ndoo, ikanyonya maji, tukamimina. Hayakujaa kikombe cha chai, yamepita nusu kidogo. Shangazi kairudia mwenyewe jioni kwa majirani, chupa ikiwa imeshafunguliwa, akashangaa haifanyi kitu.

Maharage. Mbeya Ijumaa: saa moja na dakika hamsini. Kyela Jumamosi: saa moja na robo. Yote 100 kwa 100, yamelowekwa, bila chumvi.

#36 Mwalimu Mstaafu
Dakika thelathini na tano! Mpongeze kijana.

#37 FundiBomba
Mlitumia maji ya dumu la Mbeya?

#38 Mama wa Isanga
Hapo ndipo penye tatizo. Bibi aliamka alfajiri akachemshia chai maji ya dumu. Tumetumia ya kisima chao.

#39 FundiBomba
Basi jaribio limebadilisha mambo mawili. Siwezi kukubali.

#40 KyelaKwetu
Matatu. Shangazi anapikia kuni.

#41 MkulimaUyole
Na Jumamosi maharage yalikuwa yamelowekwa saa ngapi hasa? Maji ya Kyela ya joto yanalowesha haraka kuliko ya Mbeya ya baridi. Saa kumi na mbili za baridi si sawa na saa kumi na mbili za joto. Hilo sikulisikia likisemwa na mtu.

#42 Mwalimu Mstaafu
#41 umenishika, sikulifikiria. Ni kweli kabisa. Walowekee ndani, karibu na jiko, au wapime joto la maji ya kulowekea. Hapo kipimajoto cha homa nacho hakifai, kinaanzia 35.

#43 Kijana wa Sae
Swali langu jamani. Bibi yangu anaweka jiwe juu ya kifuniko cha sufuria. Anasema yanaiva haraka. Hiyo ni sayansi au mazoea?

#44 MpishiWaShule
Inasaidia. Mvuke hautoki ovyo, na kuni zinapungua.

#45 MaabaraMjini
Inasaidia kuokoa maji na kuni. Kupandisha joto la kuchemka, kidogo sana, maana mvuke bado unapenya pembeni. Sufuria ya presha ndiyo inafunga kweli, ndani yake maji yanafika kama nyuzi 120, ndiyo maana Mbeya inapendwa. Lakini naomba sana, mtu asijaribu kuziba sufuria ya kawaida kwa unga au waya ili iwe ya presha. Haina pa kutolea mvuke, italipuka usoni.

#46 Bibi wa Makete
Nasi tunafunika kwa majani ya mgomba yanayotoka kwenu Rungwe. Jiwe juu. Wajukuu wanapenda harufu yake.

#47 Kamwene_Iringa
Wakati mnabishana maharage, wangu wamesimamisha fimbo ya mita moja uani wanafuata kivuli. Kila nusu saa wanaweka jiwe kwenye ncha yake. Kuna jambo limenishangaza. Kivuli kifupi kabisa hakikutokea saa sita mchana, kilitokea karibu saa saba kasoro dakika ishirini. Tulidhani tumekosea, tumerudia siku tatu.

#48 Mwalimu Mstaafu
Hamjakosea. Saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa longitudo 45 mashariki, na mstari huo uko mbali baharini, haugusi Tanzania hata kidogo. Kwa hiyo jua linafika katikati kwanza kwa wenye mstari huo, Dar es Salaam baadaye kidogo, Iringa baadaye, na Mbeya mwishoni, karibu saa saba kasoro dakika kumi. Mama wa Isanga, wako wapime wenyewe walinganishe na Iringa. Wataona kama dakika tisa hivi za tofauti.

Na waangalie kivuli kinalala upande gani. Juni hii jua liko kaskazini, kwa hiyo sisi wa Mbeya mchana linakuwa upande wa mlima Loleza, na kivuli kinalala kusini. Fimbo ya mita moja itatoa kivuli cha sentimeta 63 hivi. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba kivuli cha mchana kinapotea kabisa chini ya fimbo, kisha Desemba kinageukia Loleza.

#49 Kijana wa Sae
Mimi miaka yote najua saa sita jua liko utosini.

#50 KyelaKwetu
Leo umepoteza mangapi? Nyuzi 100, chupa, sasa jua.

#51 Kijana wa Sae
Nahesabu. Ndiyo uzi ninaoufungua kwanza nikitoka kazini.

#52 Msafiri wa Dar
Tukitoka kidogo kwenye mada, huku Dar tunauziwa "mchele wa Mbeya" kwa bei juu. Nao unaiva tofauti?

#53 KyelaKwetu
Mchele gani wa Mbeya? Mjini wanalima mpunga wapi, juu ya Loleza? Ni wa Kyela huo.

#54 Msangu wa Mbarali
Au wa Usangu. Magunia mengi yanatoka huku Mbarali, tuheshimiane.

#55 Mama wa Kabwe
Sisi tunaupokea wote, wa Kyela unanukia, wa Usangu unajaza sufuria. Wanangu wamepewa kazi ya kuutenganisha macho yakiwa yamefungwa, kwa kunusa tu. Katika mara kumi kila mmoja, mkubwa kapata saba, mdogo kapata tisa. Mdogo hajui kusoma bado vizuri na amemshinda kaka yake, siku hiyo alitembea mtaa mzima akitangaza.

#56 Mama wa Isanga
Ndaga fijo, asanteni sana wote, sikutegemea uzi ufike huku.

Mkubwa kapanga upya. Maharage 100 mara nne sasa: Mbeya kwa maji ya Mbeya, Mbeya kwa maji ya Kyela, Kyela kwa maji ya Kyela, Kyela kwa maji ya Mbeya. Jiko la mkaa tunabeba letu, ili KyelaKwetu asiseme kuni. Kulowekea, vyombo vyote vitawekwa ndani ya ndoo moja kubwa ya maji vuguvugu. Dumu ameliandika kwa kalamu ya wino "BIBI USIGUSE". Nimemwambia aongeze "tafadhali".

Mdogo yeye anasema chupa ataifungia Isyonje safari hii badala ya Mbeya, aone kama itabonyea zaidi.

#57 MkulimaUyole
Itabonyea zaidi. Ila usimwambie.

#58 FundiBomba
Nikiona matokeo ya maji manne nitanyamaza. Na sabuni msisahau, chupa mbili, mara ishirini.

#59 MpishiWaShule
Hata yakija sawa, nyanya mwishoni.

#60 Mama wa Isanga
Gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Sasa ni saa kumi na moja, nje giza na baridi, na yeye amekaa mlangoni na dumu magotini tangu saa kumi.